Wauza miche watutajie aina ya lavenda wanayotuuzia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie machache kuhusu makala ya bustani iliyowahimiza wasomaji kuzungushia nyumba zao uzio wa lavenda. Kazi yangu ni kutunza bustani za watu hapa Arusha, na lavenda ni mmea ninaoupenda kuliko mingi ninayoishughulikia, kwa hiyo siandiki kuupinga ushauri huo. Ninaandika kwa sababu makala haikugusa kabisa suala la aina ya lavenda, ilhali hilo ndilo linaloamua kama mwenye nyumba atapata uzio wenye maua au mstari wa majani ya kijivu yasiyochanua, ambao baada ya masika mbili unaanza kukauka mche mmoja mmoja.

Katika vitalu vya kando ya barabara kila mche wenye majani ya kijivu na harufu nzuri huitwa lavenda, basi. Ukweli ni kwamba jina hilo linabeba mimea kadhaa yenye tabia tofauti. Ile inayojulikana kama lavenda ya Kiingereza, ambayo kitaalamu ni Lavandula angustifolia, asili yake si Uingereza bali ni milima ya kusini mwa Ulaya, kwenye mawe na jua kali la kiangazi na baridi ya kweli wakati wa kipupwe. Majani yake ni membamba, na kingo zake ni laini. Nyingine ni Lavandula dentata, ambayo huota pia Arabuni. Hii utaitambua bila kuuliza mtu, kwa kuwa ukipitisha kidole pembeni mwa jani utahisi vijino vidogo vilivyopangana. Ipo na ya tatu, chotara wa lavenda ya Kiingereza na ndugu yake mwenye majani mapana, ambayo ndiyo inayolimwa kwa wingi nchini Ufaransa kwa ajili ya mafuta. Chotara huyo hatoi mbegu zinazoota, huzalishwa kwa vipandikizi tu, na kwa hiyo anayekuuzia pakiti ya mbegu zake anakuuzia kitu kingine.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa kwetu tunaoishi karibu na Ikweta. Lavenda ya Kiingereza huchanua vizuri ikiwa imepitia majuma kadhaa ya baridi, kisha ikapata siku ndefu za kiangazi. Hapa Arusha urefu wa mchana hautofautiani hata kwa nusu saa kati ya Juni na Desemba, na baridi yetu, ingawa hutufanya tuvae masweta, ni ndogo mno kwa mmea huo. Matokeo yake ni kwamba mche hunawiri, hutoa majani mazuri, lakini maua huwa machache na hayaji kwa pamoja kama yale ya kwenye picha za pakiti. Wenzetu wa Njombe wana nafuu kidogo kwa upande wa baridi, ila urefu wa mchana hauwasaidii sana wao pia. Lavenda yenye vijino, kwa upande wake, haidai baridi hiyo, na mahali penye hali ya hewa ya wastani huchanua sehemu kubwa ya mwaka. Kasoro yake ni harufu, kwani inaelekea zaidi kwenye kafuri kuliko kwenye manukato, na anayetaka maua ya kukausha na kuweka kabatini hataridhika nayo. Lakini kwa uzio wa bustani ya nyumbani katika miji yetu ya nyanda za juu, ningemshauri mtu aanze na hiyo bila kusita.

Aina ikishajulikana, kinachofuata ni udongo, na hapa adui ni maji yanayotuama. Miteremko ya Mlima Meru ina udongo mwepesi wa volkano unaopitisha maji, na huko kazi ni rahisi. Sehemu za chini zenye udongo mzito wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, zinahitaji tuta lililoinuliwa sentimita 20 hadi 30 na kuchanganywa changarawe nyingi. Kama una shaka, chimba shimo, lijaze maji jioni, na ukiyakuta bado yamesimama asubuhi usipande hapo kabla ya kuinua tuta. Samadi iwe kidogo sana au isiwepo kabisa, kwa maana mche ulionona kwa mbolea hutoa matawi marefu na laini yanayolala chini, na uzio unapasuka katikati. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 30 hadi 45 kwa lavenda ya Kiingereza, na karibu sentimita 60 kwa ile yenye vijino, ambayo inaweza kufika mita moja kwa urefu na kwa upana. Ni vyema kupanda mwanzoni mwa vuli, ili mizizi iwe imeshika kabla ya masika kuja na mvua zake nzito.

Wengi huuua mmea huu kwa huruma. Mche ambao mizizi yake imeanza kuoza hulegea na kuinamisha vichwa sawasawa na mche wenye kiu, na mwenye nyumba, akiona hivyo, huongeza maji. Ukiung'oa mche wa namna hiyo utaikuta mizizi imekuwa ya kahawia na laini, na ukiuvuta mmoja kwa vidole ganda lake la nje huchomoka na kuacha uzi mwembamba mkononi. Mche uliofikia hapo hauponi. Kwa hiyo kabla ya kumwagilia, chimba kidogo kwa kidole karibu na shina. Kama udongo wa chini una unyevu, weka ndoo chini. Mche mchanga humwagiliwa mpaka ushike, lakini uzio uliokomaa huhitaji maji ya ziada wakati wa ukame mrefu tu.

Kupogoa nako kunahitaji adabu yake. Nimewaona vijana wa bustani wakiushughulikia uzio wa lavenda kwa panga kama wanavyofyeka michongoma, na michongoma husamehe, bali lavenda haisamehe. Ukiinamia tawi moja na kulitazama kutoka juu kwenda chini, utaona sehemu laini ya kijani yenye majani, kisha mahali ambapo rangi inageuka kuwa ya kahawia na gamba linaanza kuchanika. Kuanzia hapo kwenda chini ni mti mgumu, na ukikata huko tawi hilo kwa kawaida halichipui tena. Mkasi upite juu ya mpaka huo, ukiondoa mabua ya maua yaliyokwisha pamoja na sentimita mbili tatu za majani, na kazi hiyo ifanyike kila baada ya wimbi la maua kupita tangu mche ukiwa mdogo. Uzio ulioachwa miaka kadhaa bila kupogolewa huwa na miguu mitupu na kofia ya majani juu, na hakuna ufundi wa kuurudisha zaidi ya kupanda upya. Hata ule unaotunzwa vizuri huchoka baada ya miaka kama kumi, na si vibaya mnunuzi akaambiwa hilo mapema.

Makala ilisema pia kwamba uzio huo hufukuza mbu. Hapa naomba wasomaji wawe waangalifu, kwa kuwa hili si suala la mapambo. Mafuta ya lavenda yakipakwa kwenye ngozi huweza kuwazuia mbu kwa muda mfupi, lakini mmea uliosimama tu bustanini hautoi hewani kiasi cha kuilinda familia iliyolala ndani. Chandarua chenye dawa kibaki mahali pake. Kinachokuja kwa hakika ni nyuki, tena wengi, jambo jema kwa mwenye miparachichi au mizinga, ila si jema kando ya mlango wa jikoni wala njia wanayopita watoto. Tena uzio wa lavenda hauzuii mwizi wala mbuzi wa jirani. Ni mpaka wa kupendeza macho, na anayetaka kinga abaki na michongoma au minyaa.

Kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja, ningewasihi wasitupe fedha zao. Joto la mchana na usiku pamoja na unyevu wa pwani huumaliza mmea huu, na hata lavenda yenye vijino huko huhangaika. Wanao mhina, unaovumilia jua na kukubali kukatwa kuwa uzio mnene, na maua yake yana harufu ambayo sioni sababu ya kuidharau kwa ajili ya mmea wa Ulaya.

Ombi langu kwa wauza miche ni dogo: waandike jina kamili la aina kwenye kila mfuko, au angalau waseme kama jani lina vijino au halina, na kama mche umetokana na kipandikizi au mbegu, kwani miche ya mbegu hutofautiana kimo na rangi na haifai kwa uzio ulionyooka. Asiyepata muuzaji wa kumwambia hayo na aombe vipandikizi kwa jirani mwenye uzio unaochanua. Tawi changa lisilo na ua, lenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, likiondolewa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, mahali penye kivuli chepesi, kwa kawaida hutoa mizizi ndani ya majuma machache. Na wewe, Mhariri, safu yako ya bustani itakapoirudia mada hii, nakuomba uchapishe picha za majani ya lavenda ya Kiingereza na ya ile yenye vijino zikiwa kando kwa kando.

Mtunza bustani,
Njiro, Arusha