Furaha, nilichosema kweli kwenye shirika

Kadutu, Bukavu

Dada Furaha,

Aksanti kwa barua yako na habari za Lubumbashi. Sisi tuko, watoto wanasoma, Mungu anasaidia. Unauliza kama ni kweli nilisimama mbele ya shirika, jumuiya yetu ndogo ya waumini, nikatetea kutoa mimba. Nilisimama, ndiyo. Ila waliokuletea habari waliacha nusu ya maneno njiani.

Tulikuwa tunazungumzia msichana aliyebakwa akitoka shambani. Baba mmoja akasema sheria ya Kongo inakataza, basi. Nikaomba neno. Kanuni ya adhabu inakataza kweli, vifungu vya 165 na 166: miaka 5 hadi 15 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 5 hadi 10 kwa mwanamke mwenyewe. Lakini nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, na Machi 2018 ikachapishwa katika Gazeti Rasmi la serikali. Kifungu chake cha 14 kinaruhusu daktari kutoa mimba ya kubakwa, au ya ndugu wa damu, au inayohatarisha uhai au afya ya mama, hata afya ya akili yake. Na Katiba, kifungu cha 215, inaweka mikataba ya namna hiyo juu ya sheria za kawaida.

Watu walishangaa, hata muuguzi mmoja aliyekuwepo. Furaha, huu ndio mji wa Daktari Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka huohuo wa 2018 kwa ajili ya wanawake waliobakwa. Na bado msichana wa Kadutu hajui kwamba haki hii ni yake!

Kisha mama mmoja akasema: azae tu, mtoto ni baraka. Simchukii kwa neno hilo, mtoto ni baraka kweli. Lakini nikamuuliza: azalie wapi, na nani atalipa? Hivi karibuni nilimkuta mzazi aliyezuiliwa hospitalini kwa deni. Kitanda alishapewa mwingine, yeye analala chini kwenye kitenge, anafua nguo za mtoto kwenye beseni uani. Mama mkwe wake alileta franka alizochanga kwa majirani. Mpokea pesa akazihesabu, akarudisha noti moja iliyobandikwa gundi, akasema hii haipiti. Yule mama akaikunja, akaifunga tena kwenye pindo la kitenge, akaenda kutafuta nyingine. Ningependa wote wanaosema "azae tu" wangekuwa pale dirishani.

Mpango wa kuzaa bure ulipoanza Kinshasa Septemba 2023 nilifurahi sana, nami bado nauamini. Lakini kuzaa bure maana yake serikali imlipe mkunga, glovu na damu. Mwaka 2001, kule Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Yetu haijafika hapo. Kisha Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu, benki zikafunga milango, na hata mwenye mshahara akawa hajui pa kuutoa. Marekani nayo ilikuwa imesimamisha misaada Januari mwaka huo, misaada iliyokuwa ikileta dawa za kunywa ndani ya saa 72 baada ya kubakwa. Dawa hizo zikikosekana, mimba inaingia, na ndipo sisi tunaanza kubishana juu ya dhambi ya msichana.

Kwa hiyo nilisema hivi, na ninakuandikia nawe: anayemtaka azae adai kwanza maternite, hospitali ya kuzalia, ya bure, na anayetetea haki ya kutoa adai daktari asiyelipisha. Bila hayo maskini ataenda kwa muuza vidonge sokoni, atoke damu hadi afe, na mjadala wetu hautamsaidia lolote.

Wazee wamekubali tulisome lile Gazeti Rasmi pamoja. Shemeji yako si avoka, mwanasheria? Mwombe apige picha kurasa za Itifaki, unitumie kwa WhatsApp, hata usiku, ndipo mtandao unapopatikana vizuri. Wasalimu watoto, na mama akipona uniambie.

Ni mimi,
Neema