Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lupasi Ikipanda Kichwani

Wanachama wenzangu wa kikundi chetu cha wenye lupasi, huu ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, habari za siku nyingi. Mambo ya hela mhazini atayasoma mwenyewe, mimi niseme tu ada zinaingia kwa kusuasua, wanaojijua wanajijua. Kamati ni ile ile mpaka uchaguzi.

Mwaka huu karibu kila kikao tulijikuta tunaongelea kichwa na mishipa ya fahamu. Wengi tumezoea kwamba lupasi ni viungo kuuma, uchovu, figo na ule upele wa mashavuni, basi. Kumbe tangu 1999 madaktari wa baridi yabisi wa Marekani walishaorodhesha hali 19 za neva na akili zinazoweza kuletwa na lupasi, 12 za ubongo na uti wa mgongo na 7 za neva za nje, humo kuna degedege, kiharusi, kuchanganyikiwa, sonona, kusahau, ganzi, mpaka uti wa mgongo kuvimba miguu ikagoma kabisa.

Mwenzetu mmoja alitueleza ilivyomwanza, anatembea ndala ya kulia inachomoka na yeye hana habari, anaitwa na watu wa nyuma, dada umeacha kiatu! Kidole gumba cha mguu kilikuwa hakinyanyuki. Akaambiwa ameulalia mguu vibaya, baadaye sana ndo ikajulikana vishipa vya damu vinavyolisha neva vimevimba. Mwingine yeye shida ilikuwa maneno, kijiko kipo mkononi, anakijua, jina haliji, na nyumbani wakasema stresi. Sikatai, stresi ipo, ila imekuwa jibu la kila kitu kwa sababu haina kipimo.

Ubishi mkubwa vikaoni ulikuwa ni ugonjwa au ni dawa. Kiukweli inaweza kuwa chochote. Prednisoloni, ile steroidi tunayomeza kutuliza lupasi, ikiwa ya dozi kubwa yenyewe inaweza kukunyima usingizi, ukaongea bila breki, hata ukaona visivyokuwepo, na maambukizi ya ubongo kwa mtu aliyeshushwa kinga nayo yanafanana hivyo hivyo, ndo maana daktari anataka damu, MRI (picha ya ndani ya ubongo) na wakati mwingine maji ya uti wa mgongo. Na MRI ikitoka safi haina maana unaigiza, kuna lupasi ya ubongo isiyoonekana kwenye picha. Ila jamani, mtu asijikatie prednisoloni ghafla eti inamchanganya, mwili ukishaizoea unaacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo, ukiikata mara moja presha inaweza kuporomoka ukaanguka. Inapunguzwa taratibu, na anayepunguza ni daktari.

Swali ambalo nataka kila mmoja wetu alijue ni hili: daktari, hii ni uvimbe unaoletwa na kinga yenyewe kushambulia, au ni damu kuganda? Kwa sababu tiba zinaachana njia hapo. Ikiwa ni uvimbe ni steroidi na dawa nzito za kushusha kinga kama saiklofosfamaidi. Ikiwa ni damu kuganda, na hapa nawasema hasa wenye kingamwili za antifosfolipidi, zile zinazofanya damu igande ovyo, ambao mimba zinaweza kutoka mara kwa mara na kiharusi kikaja mtu bado kijana, hao wanahitaji dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na kipimo cha INR, cha kuona damu inachukua muda gani kuganda, kila kinapopangwa, sio ukijisikia. Wapo wenye vyote viwili kwa pamoja.

Kwa hiyo kamati imeamua kila mwanachama awe na kadi yenye dawa zake, dozi, na majibu ya antifosfolipidi kama alishapima, ikae kwenye pochi sio kabatini. Uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, hospitali moja kwa moja, usianze kutuma voisi kwenye grupu kuuliza nani yalishamkuta.

Kikao kijacho njoo na mtu mmoja unayeishi naye. Anayechanganyikiwa mara nyingi hajijui kama kachanganyikiwa, anayeona mapema ni wa nyumbani, na hao hatujawahi kuwaita hata siku moja. Viti tutaongeza.