Msichanganye jedwali la pH 0 na la pH 7

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa elimu una wasomaji wengi hapa Ujiji. Vijana wa michepuo ya PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia) ninaowafundisha kemia jioni huukata na kuubandika kwenye madaftari, na majibu yaliyomo huyakariri kama yalivyo. Ndiyo maana nimeshindwa kulinyamazia lile swali la nishati ya upumuaji wa seli mlilolichapa majuzi.

Swali lilitaka nishati inayotoka elektroni zinapohama kutoka NADH, kibeba elektroni cha seli, hadi kwenye oksijeni. Mkokotoaji wenu alichukua volti −0.32 za NADH na volti +1.23 za oksijeni, akapata tofauti ya 1.55. Akazidisha kwa elektroni mbili, akazidisha na 96.5 ya Faraday (kilokulombi kwa moli ya elektroni), akaandika kilojuli 299 kwa moli. Kuzidisha kwake hakuna kasoro. Kasoro ni kwamba namba zile mbili hazikai jedwali moja la volti za kuvuta elektroni (kadiri volti ilivyo juu, ndivyo kitu kinavyozivuta zaidi). Ile 1.23 ni ya oksijeni kwenye pH 0, asidi kali ambayo seli zetu hazitaishi humo hata dakika chache; ile −0.32 ni ya pH 7, karibu na hali ya ndani ya seli. Oksijeni inapopokea elektroni na kuwa maji, hutumia protoni. Protoni zikipungua, nguvu yake ya kuvuta elektroni nayo hushuka, karibu volti 0.06 kwa kila hatua ya pH. Hatua saba zinaondoa 0.41, inabaki +0.82. Tofauti ya kweli basi ni 1.14, na jibu ni kilojuli 220, zikiwa na alama ya kutoa mbele kwa kuwa ni nishati inayotoka.

Mtu atauliza, 299 na 220 zina tofauti gani kwa mtoto wa kidato cha sita? Kubwa tu. Moli moja ya ATP, sarafu ya nishati ya seli, katika hali sanifu inadai kilojuli 30.5 kutengenezwa. Kwa 220, kikomo chake ni ATP saba. Kwa 299 atadhani ni tisa, na swali lolote la ufanisi litakalofuata atalikosa. Kwa kweli seli hupata kama mbili na nusu tu, na ATP ndani ya seli hai ni ghali kuliko hiyo ya jedwalini.

Kosa jingine, na hili si lenu, naliona kwenye karatasi za tuisheni zinazouzwa stendi: mtu akisawazisha mlinganyo kwa kuzidisha mbili, anazidisha na volti. Ukimwaga ndoo mbili badala ya moja kutoka ghorofani, maji yameongezeka lakini ghorofa haijarefuka. Idadi ya elektroni inaingia kwenye nishati, volti hazizidishwi.

Jedwali lenyewe, likitumiwa vizuri, linajibu mambo ambayo vijana huambiwa tu wakariri. Kwa nini saksineti, mojawapo ya vitu vya mzunguko wa Krebs (hatua za seli za kuchoma chakula), haimpi NAD (NADH kabla ya kupokea elektroni) elektroni zake, inampa FAD, kibeba kingine? Saksineti ipo +0.03, NAD ipo −0.32, kuzipandisha huko kungedai kilojuli 67 hivi, wakati FAD iliyoshikwa na kimeng'enya chake ipo karibu na hapohapo sifuri. Lakini wasilisujudie. Maleti, ya mzunguko huohuo, ipo −0.17, nayo humpa NAD elektroni kila siku ya Mungu, ingawa hesabu sanifu inatoa kilojuli 29 za kupanda. Inawezekana kwa sababu oksaloaseteti inayotokea huchukuliwa papo hapo, kiasi chake hubaki kidogo mno, na mlinganyo wa Nernst, unaorekebisha volti kulingana na kiasi cha vitu kilichopo, hugeuza mambo. Mifano sanifu bila sentensi hiyo moja humwacha kijana akiamini mzunguko wa Krebs hauwezi kuzunguka.

Halafu, Mhariri, huu mfano wa betri ya zinki na shaba wa volti 1.10 kila mwaka, hamjauchoka? Sisi huku tuna ziwa. Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, lakini kwa upande wetu wa kaskazini oksijeni inakomea karibu mita mia moja. Dagaa na migebuka wote wanaoshushwa kwenye mwalo wa Kibirizi wametoka tabaka hilo la juu. Chini yake ni bakteria, nao hula kwa kufuata jedwali lilelile, wakitumia vipokea elektroni vingine badala ya oksijeni. Tuweke kila kipokea elektroni dhidi ya NADH: oksijeni inatoa kilojuli 220, ikiisha, naitreti yenye +0.42 inatoa 143. Ikiisha hiyo, salfeti yenye karibu −0.22 inatoa 19 tu kwa elektroni mbili. Masalia ya salfeti ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, na maji ya kina kirefu ya ziwa hili yanayo. Mvuvi anayetia wavu hapa anajua samaki wanaishia wapi. Mwanafunzi akishika hesabu hii ataeleza ni kwa nini.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya mitihani ya majaribio, rudieni swali lile na jibu la 220, na kila jedwali mtakaloweka liandikwe juu kabisa ni la pH ngapi.

Mwalimu wa kemia,
Ujiji, Kigoma