Waacheni waliokuja Krismasi tu wakae

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni na kila Desemba linarudi. Ni ile tabia ya sisi tunaoenda kanisani mwaka mzima kuwasema wale wanaotokea Krismasi tu. Wakiingia tunanong'onezana, na mbaya zaidi kuna wahubiri wanafungua mahubiri kwa kuwapiga vijembe, eti leo tuna wageni wengi, eti haya tuonane tena mwakani, watu wanacheka na yule aliyejikaza akaja baada ya miaka mingi anainamisha kichwa. Hivi jamani siku hiyo tunasherehekea nini hasa?

Ukisoma Biblia, Krismasi yenyewe ni habari ya Mungu kuwajia watu ambao hawana walichomfanyia. Chukua Mathayo sura ya 1, ule ukoo wa Yesu ambao wengi tunauruka kwa sababu majina ni mengi na magumu kutamka. Mle ndani yumo Tamari aliyejifunika ushungi akakaa njiani kama kahaba mpaka akazaa na mkwewe Yuda, yumo Rahabu, kahaba wa Yeriko, yumo Ruthu wa Moabu ambaye torati ilikuwa inawakataza watu wa kwao kwenye kusanyiko, yumo na yule mama ambaye Mathayo hata jina hakumtaja, amesema tu mke wa Uria, na kila aliyesoma anajua Daudi alimfanyia nini Uria, alimchukua mkewe kisha akapanga auawe vitani. Halafu yupo Manase. Huyu huwa nashindwa kumpita, mfalme aliyempitisha mwanawe motoni na kumwaga damu ya wasio na hatia mpaka Yerusalemu ikajaa, naye ni babu kwenye ukoo wa Masihi. Na Mathayo angeweza kumruka kabisa, kuna wafalme wengine kawaruka kweli kwenye orodha yake, lakini Manase kamwacha palepale.

Twende Luka 2. Malaika wanawatokea wachunga kondoo walioko zamu usiku, wako kazini, hatuambiwi walikuwa kwenye maombi wala wamefunga. Hawaulizwi wana sadaka kiasi gani au mara ya mwisho walienda lini hekaluni. Wanaambiwa tu "leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi". Kwa ajili yenu! Mtu anayesikia maneno hayo Krismasi alafu anageuka kuhesabu nani alikosa ibada za katikati ya mwaka, kwa kweli mimi simwelewi.

Nadhani tatizo ni kwamba tumemchukua Baba Krismasi, yule anayesemwa ana orodha ya watoto wazuri na watoto watukutu, tukamvika Mungu tabia zake. Tunawaambia watoto usipotulia hupati zawadi, wanakua wakijua hivyo hivyo, ukubwani wakiharibikiwa wanajua kwa Mungu hakuna chao. Wakati hata Nikolao mwenyewe, ambaye Baba Krismasi ametokana naye, askofu wa Mira kule Uturuki ya leo, karne ya 4, inasimuliwa alisikia habari za baba masikini mwenye mabinti watatu wasio na mahari, akapita usiku akawatupia dhahabu dirishani bila kujitambulisha. Hakuuliza mabinti wana tabia gani.

Paulo alishaliweka wazi kwenye Warumi 4, mtu akifanya kazi ujira wake ni deni anadai, hauitwi neema. Mshahara unaudai, na asiyefanya kazi hana cha kudai, ndio sasa kwenye hicho cha bure tuko sawa wote, mimi wa kila Jumapili na yule wa mara moja kwa mwaka, na kama yeye hakustahili basi na mimi sikustahili. Hata Efeso 2 inasema tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Sasa hivi vijembe si ndio kujisifu kwenyewe?

Najua nitajibiwa, mkisema hivyo watu watazoea dhambi. Paulo naye aliulizwa hilohilo akajibu hasha! Angalieni ya Zakayo, mtoza ushuru tajiri, yuko juu ya mti. Yesu anamwambia shuka upesi, leo nashinda kwako, na hapo Zakayo bado hajarudisha hata senti ya mtu. Ahadi ya nusu ya mali kwa masikini na kurudisha mara nne ilikuja baada ya kupokelewa. Lakini watu waliokuwa pale walinung'unika eti kaingia kwa mwenye dhambi. Je Yesu angeanza kwa kumsema mbele ya umati, mnadhani yule mtu angeshuka?

Kwa hiyo ombi langu kwa wahubiri, Krismasi hii ule ukoo msiuruke, usomeni wote kwa sauti na Manase wake, mwelezeni kila mmoja alikuwa nani. Vile vijembe viacheni kabisa hata kama mnaona ni utani tu, anayechekwa haoni utani. Na sisi wa kila Jumapili tuamke kwenye zile siti za mbele tulizozizoea tuwapishe, tukae nyuma au tusimame, na ibada ikiisha tuwasalimie kama tunavyosalimiana wenyewe kwa wenyewe bila kuwauliza walikuwa wapi.

Msomaji wako wa siku nyingi