Barua kwa mtoto wa mjomba, kuhusu lile korongo la Julai

Mtoto wa mjomba, hujambo?

Tangazo lako nimeliona kwenye kundi la familia: "Safari ya korongo, Sabasaba, wote mnakaribishwa." Na picha ya maporomoko juu yake: kuteremka na maji ya milimani, kwa kamba na kwa kuogelea. Hadi leo asubuhi wamejiandikisha watu kumi na mmoja. Mle kundini nimekujibu kwa dole gumba tu, kwa sababu mama na wadogo zake wamo na sitaki waanze kukesha. Haya mengine nakuandikia hapa hadharani. Wapo wengine hapa Dodoma wanaopanga jambo kama lako, na wewe nakujua, ukiitwa pembeni kila kitu unakigeuza utani.

Kwanza nikupe haki yako. Kwa upande wa mafuriko, Julai umechagua vizuri. Sisi watu wa huku hatuhitaji mwalimu wa makorongo. Mvua inapiga milimani usikokuona, juu yako kweupe, mchanga mkavu hadi unachoma nyayo, mara unasikia mngurumo na maji mekundu hayo yanakuja na magogo. Reli ya kati pale Gulwe, Godegode na Kidete imesombwa mara ngapi? Hata Uswisi, tarehe 27 Julai 1999, kwenye korongo la kijito cha Saxetbach karibu na Interlaken, watu 21 walikufa hivyohivyo, na walikuwa na waongozaji wao. Ila Julai ya kule ni msimu wa mvua za radi, Julai yetu ni kiangazi. Hapo sina neno. Maji yakibadilika rangi, pandeni juu, basi.

Ninachokuogopea ni baridi.

Najua utacheka. Baridi gani, Dodoma hii? Lakini Julai hiyohiyo asubuhi ukipita Area C unamkuta mlinzi kajifunika blanketi hadi puani, na huku ni tambarare. Wewe unawapeleka watu milimani, kwenye maji yanayotoka msituni, ndani ya ufa ambao jua linafika chini kuanzia saa sita hadi saa nane tu.

Mwaka juzi hukuwepo. Tulikuwa watano, na korongo lilikuwa fupi kuliko hilo lako. Shemeji alivaa jinzi. Tulipofika kwenye shimo la tatu la maji akakaa juu ya jiwe, nikampa pakiti ya biskuti. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akajaribu kuifungua kwa vidole, vikakataa, akajaribu kwa meno, tukacheka wote. Halafu yeye akaacha kucheka. Nikamuuliza, "Uko sawa?" Akasema niko sawa. Nikamuuliza tena, akasema niko sawa, safari hii kama mtu mwenye tonge la ugali mdomoni. Jua lilikuwa linawaka ukutani mbele yetu, mita kumi juu ya vichwa vyetu. Tulikuwa tunaliona kabisa.

Kilichonitisha baadaye ni kwamba muda wote ule alikuwa anatetemeka, na mimi nilijiambia anatetemeka tu. Kutetemeka ni mwili unapigana. Ukiona mtu amelowa, yuko baridini, na ameacha kutetemeka huku anaongea kwa kuvuta, hajapata nafuu huyo, ameshindwa. Maji yanaunyang'anya mwili joto kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 akili nayo inaanza kuyumba, ndiyo maana mwenyewe atakwambia yuko sawa. Usimuulize. Mpe kitu afungue. Vidole ndivyo vinavyokufa ganzi mwanzo, kwa sababu mwili unarudisha damu kifuani kulinda moyo, na vidole hivyohivyo ndivyo unavyotegemea kufunga kamba.

Sasa hesabu, nimeipiga nyuma ya risiti ya luku. Umesema kuna sehemu sita za kuteremka kwa kamba. Kwa watu ambao nusu yao hawajawahi kuning'inia, mpe kila mmoja dakika nne, na hapo nimewapendelea. Kumi na moja mara nne ni dakika 44 kwa kila mteremko. Mara sita ni saa nne na dakika 24, kabla hamjatembea hata hatua moja wala kuogelea. Na yule wa kwanza kushuka atasimama pale chini dakika 40, amelowa, anapigwa na manyunyu na ule upepo wa maporomoko, akimsubiri wa mwisho. Mara sita. Baridi ya korongoni, ndugu yangu, nyingi yake ni foleni.

Mkiwa watano ni saa mbili. Kwa hiyo wapunguze. Najua ulishasema wote mnakaribishwa na ni aibu kurudisha neno, lakini wanaojua kamba kwenu ni wewe na yule fundi wa minara ya simu. Wawili. Mmoja atangulie, mmoja afunge mlango, katikati wakae watatu, basi. Na mbebe kamba mbili, ili yule aliyetangulia awe anafunga mteremko unaofuata wakati wengine bado wanashuka huku nyuma. Ukishaivuta chini kamba ya mteremko wa kwanza hakuna tena kurudi nyuma. Mtu aliyechoka kwenye mteremko wa pili utakuwa naye hadi wa sita.

Wengine sita wasiachwe nyumbani. Wapike kule korongo linakotokea, wawashe moto, na wawe ndio wanaotazama saa. Msipotokea saa kumi na moja jioni, wao ndio wanaomfuata mtendaji wa kijiji (ambaye mtakuwa mmeshamuaga, pamoja na watu wa misitu) na kupanda hadi kwenye mtandao kupiga 114, ya zimamoto na uokoaji. Kule chini simu hazishiki.

Halafu kuogelea. Hapa niseme ukweli unaotuuma: sisi tumekulia kwenye mito ya mchanga. Mtu wa Tanga au Mwanza akikwambia anajua kuogelea, anajua. Wa kwetu akisema anajua, maana yake aliwahi kwenda hotelini. Kila mmoja avae jaketi okozi, hata anayejisifu. Maji baridi yakikupiga kifuani, pumzi inakuja yenyewe kwa nguvu kabla hujaiamrisha, na kama mdomo uko chini ya maji unavuta maji. Ile dakika ya kwanza kazi ni moja tu, kuelea na kutuliza pumzi. Kwa hiyo hakuna kuruka kwa mbwembwe za kamera.

Nguo: hakuna jinzi, hakuna fulana ya pamba, hakuna khanga. Mkipata za kuazima zile suti za mpira za wapiga mbizi, vizuri sana. Mkikosa, sweta za sufu na zile za manyoya laini (fleece). Nguo kavu zikae kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana, maana mifuko ya plastiki yenyewe ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019. Helmeti za bodaboda uziache, zinajaa maji. Chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, karanga, zabibu kavu. Mvinyo wetu ubaki kambini hadi wote wawe wamekauka. Unakufanya usikie joto kwa sababu unasukuma damu kwenye ngozi, na hapo ndipo joto linapotorokea.

Jumamosi hii saa nne nimeomba bwawa la jirani yangu mmoja, si kubwa ila linatosha. Waje wote kumi na mmoja, na nguo zao walizopanga kuvaa. Wataingia nazo, watakaa robo saa, kisha kila mmoja atanifungulia pakiti ya biskuti.

Suruali ya shemeji nimeshainunua, ya manyoya laini, elfu nne pale soko la Sabasaba. Bado sijamwambia. Mwambie wewe.

Ni mimi,
mtoto wa shangazi yako