Goti la binti yangu lilipigwa picha kabla ya kuguswa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi mitumbwi hapa Igombe, Ilemela. Naomba nafasi nieleze yaliyompata kitinda mimba wangu, msichana wa miaka 17 anayecheza netiboli, kwa kuwa naamini watoto wengi wa huku kando ya ziwa yanawapata hayo hayo na hakuna anayeyasema.

Ilikuwa jioni, wanajiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja huku mwili umegeukia upande mwingine. Hakugongwa na mtu. Wenzake wanasema walisikia "ko!", kama kuni kavu ikivunjwa. Kabla hatujala chakula cha usiku goti lilikuwa limejaa kama kibuyu.

Kesho yake tulipanda daladala hadi kituo kimoja cha matibabu. Tabibu aliuliza panauma wapi, akaandika karatasi ya eksirei bila kunyanyuka mezani. Picha ikarudi: mfupa mzima. Tukapewa dawa za maumivu na bandeji, nikamshukuru Mungu. Nyumbani akaitwa mzee wa kuchua, akalikanda kwa maji ya moto siku nne. Wiki ya tatu mtoto akasema amepona, akarudi uwanjani. Aligeuka tu kumfuata mwenzake, goti likaachia. Kilio alichotoa siku ile bado nakisikia.

Safari ya pili jirani alituelekeza kwa kijana mmoja wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi. Huyo ndiye aliyenifanya niandike barua hii.

Kwanza aliuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza: ulisikia mlio? Uvimbe ulikuja baada ya saa ngapi? Alieleza kwamba goti likijaa ndani ya saa chache, mara nyingi ni damu imevujia ndani, na hilo peke yake linatosha kumfanya tabibu ashuku kano iliyokatika, yaani kamba inayofunga mfupa na mfupa ndani ya goti. Kisha akamlaza kitandani, akaanza na mguu usioumia. Nilidhani amekosea, nikamwambia. Akajibu, "Mzee, nisipojua goti lake zima likoje, hili bovu nitalilinganisha na nini?"

Aliukunja mguu kidogo, kama nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja ukashika paja, mwingine ukashika ugoko chini kidogo ya goti, akauvuta ugoko mbele. Ulisogea kidogo ukakwama, kama mtumbwi uliofungwa ukifika mwisho wa kamba. Akahamia mguu mbovu, akavuta vilevile. Ugoko ukaja, ukaendelea kuja, taratibu, hauna mahali pa kukwama. Hata mimi niliyekaa pembeni niliona. Kamba ilikuwa imekatika.

Kipimo hicho kinaitwa cha Lachman. Kilielezwa kwenye jarida mwaka 1976 na daktari wa Marekani, Joseph Torg, akakipa jina la mwalimu wake, John Lachman wa Philadelphia. Mwaka 1976 mimi nilikuwa darasa la pili. Hakihitaji umeme wala mashine.

Kipo kingine cha kuvuta ugoko goti likiwa limekunjwa nyuzi 90, lakini jeraha likiwa bichi misuli ya nyuma ya paja hukaza na kuficha jeraha, ndiyo maana yeye huanza na Lachman. Alisukuma goti upande wa ndani na wa nje kupima kano za ubavuni. Akalikunja hadi mwisho, akaweka kidole kwenye ufa wa goti, akauzungusha mguu huku akiunyoosha. Hapo binti yangu alishtuka na kitu kikalia ndani. Huenda, alisema, gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti, imechanika pale goti lilipoachia mara ya pili. Maneno hayo yaliniuma kuliko yote, maana mara ya pili ingezuilika.

Sisemi eksirei ni mbaya. Inaonyesha mfupa, kano haionyeshi. Kijana alinieleza kuwa madaktari wa Ottawa, Kanada, waliweka kanuni za lini goti lililoumia lipigwe picha: mgonjwa ana miaka 55 au zaidi, au panauma akibonyezwa kifuu cha goti peke yake, au kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, au hawezi kukunja hadi nyuzi 90, au hawezi kupiga hatua nne. Kanuni zote hizo zinataka mtu aguswe kwanza. Wala mikono haimalizi kila kitu: goti lililovimba sana linakataa kupimika, mgonjwa huambiwa arudi baada ya siku kadhaa, na sisi tumeandikiwa MRI, picha inayoonyesha hata kano. Lakini kwenye kituo cha kwanza hatukuambiwa turudi.

Makocha, msivute wala kuzungusha goti la mtoto uwanjani. Mtoeni nje, mkumbuke kama kulikuwa na mlio na uvimbe ulianza saa ngapi, mmwambie mzazi. Wazazi wenzangu, mwombeni tabibu kwa heshima alishike goti, na alilinganishe na la pili.

Kwa wakuu wa afya wa wilaya nina ombi. Mpelekeni mtaalamu kama yule kijana siku moja moja kwenye vituo vya mwambao awaonyeshe wenzake. Pale tulipoanzia, chumba kilikuwa na meza na viti viwili tu. Hata tabibu angetaka kumlaza mtoto, angemlaza wapi? Mbao za mninga ninazo na mikono ninayo. Kituo chochote cha huku kisicho na kitanda cha kupimia kinipe urefu na upana, nitakitengeneza bila malipo.

Fundi mitumbwi,
Igombe, Mwanza