Wahojini waigizaji wa jukwaani wangali hai

Mhariri,

Nimefurahi mlivyomkumbuka gazetini marehemu King Majuto, mchekeshaji na mwana wa Tanga aliyefariki 2018. Lakini mmeandika filamu zake tu, jukwaa mmelisahau! Mimi nilikuwa mshonaji wa kikundi kimoja cha maigizo hapa Tanga, na nyuma ya pazia niliyaona mengi. Kijana mmoja, ndiyo kwanza anaanza, alicheza babu mkali. Jasho likalegeza gundi, ndevu za pamba zikaning'inia shavu moja. Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye akazibandua taratibu, akamkabidhi "mkewe": "Kazifue, kesho Ijumaa nitazivaa." Watu nusura wavunje viti. Huyo ndiye msanii! Wenzake wengi wamezeeka, wengine wanaugua. Tumeni waandishi wawahoji sasa, msingoje misiba.

Msomaji wenu,
Tanga